Nani anajaza jenereta lenu?

Kibaraza kilikuwa kimelala kidogo, mambo ya dawati la habari yamenibana. Wale mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimehama nchi, nipo, sijahama, na nauli yenyewe sina.

Leo nimekuja na mada isiyo na mwanasiasa hata mmoja ndani yake. Nataka tuongelee jenereta, na hasa ile kazi ya kulijaza mafuta. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Kujaza mafuta si kufungua kifuniko na kumimina tu? Ndivyo wengi wetu tunavyodhani. Lakini mwandishi yeyote aliyekaa gazetini mwaka mmoja ameshakutana na ile habari fupi ya aya tatu, nyumba au duka limeteketea, chanzo kinachunguzwa, wananchi wametakiwa kuchukua tahadhari. Inaishia hapo. Haisemi nani alikuwa ameshika kidumu, saa ngapi, na nani alikuwa nyuma yake akimwambia afanye haraka. Hayo maswali ndiyo yaliyonileta leo.

Nianze na jenereta lenyewe. Dada yangu ana saluni ya kike hapa Dar es Salaam. Mtakumbuka mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 tulirudi kwenye mgao. Kwa sisi tuliozaliwa miaka ya tisini haukuwa ugeni. Tulikuwa watoto wa shule ya msingi mwaka 2006 ukame ulipoyabana mabwawa, tukasoma kwa kibatari, na mwaka 2011 ukaja mwingine. Safari hii Dada akasema imetosha, akanunua jenereta lililotoka Dubai kwenye kontena. Ni lile la mafuta mawili, yaani linatumia petroli na pia linatumia gesi ya mtungi, hii hii ya kupikia. Unachagua kwa kuzungusha swichi. Muuzaji alimwambia kwamba ndiyo mwisho wa matatizo, petroli ikipanda bei unahamia gesi, gesi ikiisha unarudi petroli, halafu gesi ni salama, hailipuki. Hilo la mwisho tutalirudia.

Lilikuja na kijitabu cha Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka Kichina na mtu aliyekuwa na haraka zake. Nikaitwa. "Wewe si umesoma chuo? Njoo utusomee." Basi bwana, digrii yangu ya habari ikapata kazi. Nikakaa nyuma ya saluni na kijana anayemsaidia Dada kazi za pale, yeye ndiye anayebeba maji, anafagia nywele, anaenda sheli na kidumu, na ndiye anayejaza jenereta. Nikawa nasoma, natafsiri, namweleza. Nilipofika kwenye mstari unaosema usimimine petroli injini ikiwa ya moto, akanikatiza kwa upole kabisa.

"Kaka, hilo nalijua. Tatizo si kujua. Tatizo ni kwamba siku ya Jumamosi nikisema tungoje ipoe, nani atanisikiliza?"

Jamani, nilifunga kijitabu kwanza. Kijana wa miaka 19 alikuwa amenipa habari ambayo mwenye kijitabu hakuifikiria.

Tuangalie hali halisi. Jumamosi, saluni imejaa, kuna bibi harusi, kuna wasimamizi wake, watu wako chini ya draya. Umeme umekatika tangu asubuhi. Jenereta linanguruma mpaka linaanza kukohoa, linazima. Giza, joto, kelele. Mteja anasema gari la kwenda ukumbini linamsubiri. Mwenye saluni anapaza sauti, "We kijana, weka mafuta!" Kijana anachukua kidumu. Injini imetoka kufanya kazi saa tatu mfululizo, eksozi ukiitemea mate yanachemka. Ataweza kusema ngoja dakika ishirini? Mbele ya bibi harusi? Hawezi. Atamimina. Mara nyingi hakitatokea kitu, na kwa kuwa hakikutokea kitu, kesho atamimina tena.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi hilo linaninyima raha.

Petroli yenyewe, yale maji maji unayoyaona kwenye kidumu, siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Na petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar mwezi Februari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Unashuka, unatambaa chini kama maji, unajificha kwenye kona, unaingia chini ya mlango, unatafuta. Unaweza kumwaga mafuta hapa na moto ukaanzia kwenye jiko la mama ntilie hatua kadhaa mbele, kisha ukarudi mpaka miguuni kwako.

Taifa hili halihitaji kufundishwa jambo hilo kwa vitabu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Waliopoteza maisha walizidi 100. Petroli haikubadilika tangu siku ile. Iliyo ndani ya kidumu cha lita tano nyuma ya saluni ni ile ile.

Halafu kuna joto la injini. Petroli inaweza kuwaka bila cheche yoyote ikifikishwa kwenye nyuzi 280 hivi, na moshi unaotoka kwenye injini iliyo kazini una joto linalozidi hapo. Ndiyo maana kile kizingiti cha eksozi kinaunguza ngozi kwa kugusa tu. Kwenye majenereta mengi tangi liko juu na injini iko chini yake. Maana yake ni kwamba tone likiponyoka mkononi linaanguka moja kwa moja kwenye sehemu ya moto kuliko zote. Aliyebuni alitaka mafuta yashuke yenyewe kwenye kabureta bila pampu, na hilo ni jambo la maana, ila linakudai kitu kimoja tu, uvumilivu.

Kwa hiyo utaratibu wa petroli ni huu, na hauna ufundi wowote wa chuoni. Kwanza zima vyote vinavyovuta umeme, madraya, feni, taa. Kisha zima jenereta. Funga koki ya mafuta. Subiri dakika 15 au zaidi, sisi tumechukua 20 ili ugomvi uishe. Kama kuna giza tumia tochi, hata ya simu, lakini mshumaa, kibatari na sigara vikae mbali kabisa. Fungua kifuniko cha tangi taratibu ili presha itoke. Tumia faneli, siyo chupa ya maji iliyokatwa shingo. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi kama ya vidole viwili, kwa sababu petroli ikipata joto hutanuka na itatafuta pa kutokea. Funga kifuniko vizuri, kiweke kidumu mbali, futa kilichomwagika na usubiri pakauke kabla ya kuwasha. Kama mafuta yamekumwagikia kwenye nguo, vua nguo hiyo kwanza, unawe kwa sabuni, mengine baadaye.

Na kidumu chenyewe. Ukienda sheli, kiweke chini ardhini wakati kinajazwa, siyo juu ya pikipiki, siyo kwenye buti ya gari. Mafuta yanapotiririka hujenga umeme mdogo, ule ule unaokutekenya ukivua sweta, na kidumu kikiwa ardhini umeme huo unapata njia ya kuondoka. Tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Kile cha mafuta ya kula hakikutengenezwa kwa petroli, na chupa ya maji ya kunywa ni hatari mara mbili, maana siku moja mtoto mwenye kiu atadhani ni maji. Na kama kuna kuhamisha mafuta kutoka tangi moja kwenda jingine, wale wa kunyonya kwa mdomo naomba muache. Petroli ikiingia kwenye mapafu ni habari nyingine.

Kuna kitu nilikigundua tukipiga hesabu na yule kijana. Tangi la jenereta la Dada linachukua lita 15. Lakini kwake, kama ilivyo kwa wafanyabiashara wengi wadogo, hakuna siku lilijazwa lita 15. Zinanunuliwa tano, zikiisha nyingine tano, kutokana na hela iliyoingia. Kwa kazi ya saluni, lita tano zinakaa saa tatu hivi. Kwa hiyo mwenye hela anajaza mara moja asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na siku inaisha. Asiye na hela anajaza mara tatu, na mara mbili kati ya hizo injini ni ya moto. Nilipoiona hesabu hiyo nikasema kumbe hata hatari ina bei ya rejareja. Unalipa kidogo kidogo, na mwisho unalipa zaidi.

Haya, turudi kwa muuzaji aliyesema gesi hailipuki.

Gesi ya mitungi tunayopikia ni mchanganyiko wa propane na butane, imebanwa mpaka ikawa kimiminika. Ina faida kubwa kwenye jenereta, sikatai. Haimwagiki kutoka kwenye faneli. Haichachi, wakati petroli ukiiacha kwenye tangi miezi kadhaa inaharibika na kuziba kabureta. Moshi wake ni msafi zaidi. Na mtungi mmoja unakaa. Kwa makadirio, injini ndogo kama hii inakula karibu nusu kilo ya gesi kwa kila uniti moja ya umeme, uniti hizi hizi tunazonunua kwa Luku. Mtungi wa kilo 15 unakupa kama uniti 30, na kwa saluni ya Dada hiyo ni Jumamosi nzima bila mtu kushika kidumu. Nguvu inapungua kidogo ukilinganisha na petroli, kama sehemu moja ya kumi hivi, kwa hiyo draya moja inapumzishwa.

Lakini salama kwa asilimia mia? Hapana. Gesi hii nayo ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja inalala sakafuni kama mvuke wa petroli. Ile harufu mbaya mnayoijua inaongezwa makusudi ili pua ikuonye, yenyewe haina harufu. Na kitu kinachowaponza watu hapa ni mazoea. Kwa kuwa tunapika nayo kila siku, tunadhani tunaijua.

La kwanza, mtungi ukae wima. Nimeona mahali mtungi umelazwa kwenye ngazi ili mpira ufike. Ukiulaza, badala ya gesi kutoka juu, kinatoka kimiminika chenyewe na kuingia kwenye regulata ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kimiminika kidogo kikipata hewa kinageuka gesi nyingi sana.

La pili, regulata na mpira. Mpira uliokuja na jenereta la Dada ulikuwa na kichwa kisichokaa kwenye mitungi yetu. Fundi mmoja wa mtaani akashauri tuukate na kuufunga kwa waya wa kufungia nondo. Dada alitaka kukubali, maana fundi alikuwa anatoza elfu tano tu. Tukakataa, mimi na kijana tukiwa upande mmoja. Regulata lazima iendane na mdomo wa mtungi, na itoe presha ambayo kijitabu cha jenereta kimeitaja. Hapo hakuna kubahatisha. Tulienda na kijitabu mkononi kwa watu wanaouza vifaa vya gesi, tukarudi na regulata sahihi na vibano vyake. Ilikuwa ghali kuliko waya wa nondo, nakiri, lakini waya wa nondo kazi yake inajulikana.

La tatu, sabuni. Kila ukibadilisha mtungi, koroga sabuni na maji, paka kwenye maungio yote, fungua koki polepole, angalia. Mapovu yakitoka kuna uvujaji. Funga, kaza, rudia. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Mnacheka, lakini wapo. Na ukisikia harufu ukiwa ndani, funga koki ya mtungi kama unaifikia, fungua milango, toa watu nje, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima, maana zote mbili zina cheche.

La nne, mtungi ukae mbali na mdomo wa eksozi, umbali wote ambao mpira unaruhusu, na usiwe upande ule ambao moshi unaelekea. Jenereta likifanya kazi nzito utaona mtungi unatoa jasho na kuwa baridi kama soda, hasa ukitumia ule mdogo wa kilo sita. Siyo uchawi. Kimiminika kinapogeuka gesi kinachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, na mtungi mdogo ukidaiwa gesi nyingi unashindwa, injini inaanza kusitasita. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi au kupunguza mzigo. Kuupasha moto, kuumwagia maji yaliyochemka, kuuwekea mkaa pembeni, hapana, hapana, hapana.

La tano ni la haya ya mafuta mawili peke yake, nalo ni la kuhama kutoka mafuta moja kwenda mengine. Kijitabu chetu kinasema, ukitoka petroli kwenda gesi, funga koki ya petroli, acha injini imalize mafuta yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, ndipo uzungushe swichi na kufungua gesi. Ukirudi petroli, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye swichi ya jenereta peke yake. Yapo majenereta yanayoruhusu kuhama injini ikiwa inazunguka, someni la kwenu. Msingi ni mmoja, mlango mmoja ufungwe kabisa kabla mwingine haujafunguliwa. Na usijaze tangi la petroli wakati jenereta linazunguka kwa gesi, kwa sababu injini ni ile ile na moto wake ni ule ule. Huo ndio mtego wa mafuta mawili. Mtu anasema, "Si linatumia gesi sasa hivi? Ngoja niongeze petroli kabisa." Hapana, ndugu yangu.

Kuna jambo moja lisilo la kujaza lakini haliwezi kukaa mbali na mada, nalo ni mahali pa kuliweka. Tunajua wote habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi majirani wakavunja mlango. Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Jenereta linaitoa hewa hiyo hiyo, kwa wingi zaidi kuliko jiko, liwe linatumia petroli au gesi. Marekani, tume yao ya usalama wa bidhaa inasema watu kama 100 hufa kila mwaka kwa hewa ya majenereta haya ya kubeba, na inashauri likae nje, angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, eksozi ikitazama mbali na madirisha.

Mita sita, utaniambia, uswahilini zinapatikana wapi? Nakubali, ukuta wa jirani hauko mita sita. Na nadhani najua kwa nini watu wanaliingiza kwenye korido. Hawaogopi mvua, wanaogopa wezi. Dada naye alikuwa analiweka mlango wa nyuma, nusu ndani nusu nje. Tukafanya hivi, kikachimbiwa chuma na kumwagiwa zege kwenye kona ya uwanja iliyo wazi, mnyororo na kufuli, kibati cha juu cha kuzuia mvua, pande zote wazi. Tulikwenda kuzungumza na jirani kwanza, maana moshi usioingia kwako unaweza kuingia kwake. Siyo mita sita kamili, lakini hakuna dirisha linalolitazama na hakuna mtu anayelala karibu. Na kijana anapojaza, mvuke una pa kwenda.

Sasa turudi kwenye lile swali lake, nani atanisikiliza?

Nilimpelekea Dada. Sikumpelekea kwa jina la kijana, nilisema mimi. Akanijibu jibu ambalo waandishi tunaopenda kushauri watu tunapaswa kulisikia mara kwa mara. "Mdogo wangu, wewe unalipwa mwisho wa mwezi hata ukikaa dakika ishirini unaangalia dirisha. Mimi nalipwa kwa kichwa. Mteja akinyanyuka na rola kichwani, nani ananirudishia?"

Ana haki. Ukimwambia mtu asubiri dakika ishirini bila kumwambia dakika hizo zitalipwa na nani, hujamshauri, umemhubiria. Basi tukakaa watatu, Dada, kijana na mimi, tukaacha mahubiri tukaenda kwenye ratiba.

Tulikubaliana hivi. Kujaza kunafanyika asubuhi, injini ikiwa ya baridi, umeme uwepo au usiwepo. Haingojwi giza. Siku za kawaida linatumia petroli. Ijumaa na Jumamosi, siku za maharusi, ni gesi, mtungi wa kilo 15 uliojaa, ili siku ipite bila kumimina. Kama ni lazima kuongeza mafuta katikati, inafanyika saa saba mchana watu wakiwa wanakula, kabla tangi halijaisha, na injini ikizimwa Dada anajua kabisa kwamba kwa dakika ishirini kazi ni kusuka na kusukua kucha, ambazo hazihitaji umeme. Ikinunuliwa taa ya kuchaji kwa ajili ya dakika hizo, giza halitakuwa sababu. Taa ikanunuliwa. Ndoo ya mchanga ikawekwa, na mtungi mdogo wa poda wa kuzimia moto, na namba ya Zimamoto, 114, ikaandikwa ukutani. Maji hayamwagiwi kwenye petroli inayowaka, yanaibeba na kuisambaza.

Na la mwisho, ambalo lilichukua muda mrefu kuliko yote, mwenye neno la mwisho kuhusu kujaza ni anayejaza. Akisema bado, ni bado, hata kama anayesubiri ni bibi harusi, hata kama ni Dada mwenyewe. Dada alinyamaza kidogo hapo. Halafu akamwambia kijana mbele yangu, "Haya, kwenye jenereta wewe ndiye bosi. Kwenye kufagia bado ni mimi." Tukacheka. Lakini amelishika neno lake. Nilipita pale Jumamosi moja, mteja akawa anafoka kwa nini umeme haurudi, nikamsikia Dada akijibu bila hata kugeuka, "Kijana amesema linapoa, dada yangu, tusubiri."

Mambo ya umeme yamebadilika tangu wakati ule. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuwashwa Februari 2024 na mgao ukaondoka. Umeme bado unakatika, nguzo inaanguka, transfoma inalipuka, mvua inanyesha, lakini siyo kama kule tulikotoka. Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi mpya. Jenereta linalowashwa mara moja kwa mwezi linasahaulika zaidi. Mpira wa gesi unapasuka kwa jua bila mtu kuuangalia, petroli inachacha kwenye tangi, kijana aliyefundishwa ameshaondoka na aliyekuja hajaambiwa kitu. Siku umeme ukikatika, anapewa kidumu na kuambiwa afanye haraka.

Nimejaribu kuangalia karibu yangu. Nyumbani kwa wakubwa anayejaza ni mlinzi au kijana wa kazi. Kwenye duka ni yule aliyeajiriwa mwisho. Kwenye ukumbi ni fundi wa muziki aliyekuja kwa siku moja. Karibu kila mahali, anayemimina ni yule ambaye hawezi kumwambia mwenye haraka kwamba asubiri. Maelekezo yote ya usalama yanaandikwa kama vile anayejaza ndiye anayeamua. Sivyo. Kwa hiyo kama wewe ndiye mwenye jenereta, kijitabu kinakuhusu wewe kabla ya kumhusu yeye, na kazi yako si kushika kidumu, ni kumpa ruhusa ya kukataa.

Leo jioni, umeme ukiwepo na hakuna mtu mwenye haraka, mfuate yule anayejaza la kwenu. Muulize analijaza saa ngapi, linakuwa la moto kiasi gani, na kidumu kinakaa wapi. Halafu mwambie kwamba siku akisema ngoja, utangoja. Mwambie mbele za watu ili iwe na uzito.

Naomba kuwasilisha. Wenye nyongeza, na hasa mafundi mnaojua haya mambo kuliko mimi, uwanja wa maoni uko wazi.